Baloji na Kiswahili cha Katanga: Safari ya Msanii kutoka Rapu hadi Sinema

1. Utangulizi

Wimbo wa mjini una historia ndefu katika Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alipopita Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, alirekodi gitaa la kijana Mwenda Jean-Bosco, na nyimbo za kijana huyo, alizoziimba kwa Kiswahili, zikasikika hadi Nairobi na mbali zaidi. Edouard Masengo alifuata njia hiyohiyo. Katika uwanja wa tamthilia, kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilijenga sanaa nzima juu ya usemi wa watu wa kambi za wafanyakazi na wa mitaa ya mji. Hivyo basi, lugha ambayo wasomi kadhaa waliizoea kuiita Kiswahili kilichoharibika ilikuwa na wasanii wake, wapenzi wake na hazina yake mapema sana.

Makala haya yanahusu msanii ambaye, kwa mtazamo wa kwanza, hana mahali katika historia hiyo. Baloji Tshiani, ajulikanaye kwa jina moja la Baloji, alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978, akapelekwa Ubelgiji angali mtoto mdogo, na akakulia huko. Anaghani kwa Kifaransa. Anahesabiwa miongoni mwa wasanii wa hip-hop mbadala, yaani ile isiyofuata kanuni za soko wala mdundo uliozoeleka. Je, mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana neno gani la kusema juu yake?

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Kiswahili kimo katika kazi ya Baloji tangu albamu yake ya kwanza, na kwamba nafasi ya lugha hiyo imebadilika kadiri msanii alivyobadilika. Mwanzoni kilikuwa jina la wimbo. Baadaye kikawa tafsiri inayopingana na Kifaransa. Mwishoni kikaingia vinywani mwa wahusika wa filamu. Kuufuata mwendo huo ni njia mojawapo ya kuielewa safari nzima ya kisanaa. Vilevile kunasaidia kupima udhaifu wake, kwani sifa tupu hazimjengi msanii wala msomaji.

Yafaa msomaji atahadhari asimchanganye na Sammy Baloji, mpiga picha mashuhuri, ambaye naye alizaliwa Lubumbashi mwaka huohuo wa 1978. Hao ni wasanii wawili mbalimbali, ingawa wote wawili wamefanya kazi juu ya kumbukumbu ya Katanga.

2. Jina lenye mzigo

Uchambuzi wowote wa msanii huyu hauna budi kuanza na jina lake. Baloji ni umbo la wingi katika lugha za Kiluba; umoja wake ni muloji, yaani mchawi. Mzizi wake ni ule wa kale wa Kibantu ulioipatia Kiswahili sanifu kitenzi loga na nomino mlozi. Mabadiliko ya g kuwa z au j mbele ya kiambishi tamati -i cha mtendaji ni jambo linalofahamika vizuri katika isimu ya lugha za Kibantu. Katika Kiswahili cha Lubumbashi, ambacho hutumia ba- pale Kiswahili sanifu kinapotumia wa-, walozi huitwa balozi. Msomaji wa pwani anayelikuta neno hilo hufikiria mjumbe wa serikali katika nchi ya kigeni. Msikilizaji wa Katanga husikia jambo jingine kabisa, jambo ambalo halitajwi kwa sauti kubwa usiku.

Msanii mwenyewe ameeleza mara kadhaa katika mahojiano kwamba zamani jina hilo lilimaanisha mtu wa elimu, na kwamba maana ya uchawi ilitawala baada ya Ukristo kuingia. Maelezo hayo yana mantiki ya kijamii, kwani mara nyingi mganga na mchawi walitenganishwa kwa matumizi ya elimu yao, wala si kwa elimu yenyewe. Lakini isimu linganishi haiungi mkono dai hilo kikamilifu: maana ya kudhuru kwa nguvu za siri imeenea katika lugha nyingi mno za Kibantu hata isiweze kuhesabiwa kuwa zao la wamisionari peke yao. La muhimu kwa mhakiki ni kwamba mtu aliyepewa jina hilo amelifanya kuwa tatizo la kisanaa. Angeweza kujificha nyuma ya jina la kubuni, kama ilivyo desturi ya marapa. Kwa kweli alianza hivyo, akiitwa MC Balo. Baadaye akaliacha jina la nusu na kulichukua lote. Hatua hiyo ndogo inaashiria mwelekeo wa kila kilichofuata.

3. Miaka ya Starflam

Baloji alijulikana kwanza kama mmoja wa kundi la Starflam, lililoanzishwa Liège, mji wa viwanda wa Ubelgiji, katika miaka ya 1990. Jina la kundi ni neno la Kifaransa malfrats, yaani wahalifu, likisomwa kutoka mwisho hadi mwanzo. Mchezo huo wa kupindua silabi na herufi ni wa kawaida katika usemi wa vijana wa mijini nchini Ufaransa na Ubelgiji, na unafanana na mbinu za kinyume zilizopata kutumiwa na vijana wa pwani ya Afrika Mashariki. Starflam ilitoa albamu iliyoitwa kwa jina la kundi mwaka 1998, Survivant mwaka 2001 na Donne-moi de l'amour mwaka 2003. Mwaka 2004 Baloji alijitenga.

Katika kipindi hicho msanii alijifunza ufundi: vina vya ndani, pumzi ndefu, na uwezo wa kubana hoja katika mistari michache. Hata hivyo sauti ilikuwa ya kundi. Katanga haikusikika ndani yake, wala haikutarajiwa kusikika. Kundi la watu wa asili mbalimbali lilisema kwa niaba ya mtaa mmoja wa Ulaya, na msemaji wa kundi hana nafasi ya kuuliza alikotoka yeye peke yake.

Yafaa hapa kulinganisha na Afrika Mashariki ya miaka hiyohiyo. Mwaka 1991 Saleh Jabir wa Dar es Salaam alichukua mdundo wa Kimarekani uliokwisha vuma na kuuvika maneno ya Kiswahili. Mwaka 1997 kundi la Kalamashaka la Nairobi lilivuma kwa wimbo wa Tafsiri Hii. Hawa walianza kwa kuiteka lugha huku wakiuacha mdundo wa kigeni mahali pake kwa muda. Baloji alifanya kinyume: aliendelea na lugha ya kigeni aliyokulia ndani yake, na mapinduzi yake yakaja kwa njia ya mdundo. Tofauti hii inaeleza kwa nini wasikilizaji wa Kiswahili walichelewa kumtambua.

4. Hotel Impala: kujibu barua

Baada ya kimya cha miaka mingi, barua ya mama yake ilimfikia Baloji kutoka Congo. Albamu ya Hotel Impala, iliyotoka mwaka 2007, ilitungwa kama jibu: kumweleza mama yale yaliyompata mwanawe tangu walipotengana mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kimuundo, basi, albamu ni waraka. Fasihi ya Kiswahili inaufahamu vyema utungo wa aina hiyo; Mwana Kupona alipomwandikia bintiye katika karne ya 19 alimpa mawaidha na wasia. Tofauti ni mwelekeo wa usemi. Kwa Mwana Kupona mama ndiye mwenye elimu, naye binti husikiliza. Kwa Baloji mwana ndiye mwenye kusimulia, na mama hamjui mwanawe.

Mada hiyo inajionyesha hata katika majina ya nyimbo. Wimbo mmoja umeitwa De l'autre côté de la mère. Katika Kifaransa maneno ya bahari na mama hutamkwa sawasawa, hivyo msikilizaji husikia kwa pamoja ng'ambo ya bahari na ng'ambo ya mama. Mchezo huo hautafsiriki kwa Kiswahili bila kupotea, na hapo ndipo uchungu wake ulipo: mwana anamlilia mama kwa fumbo ambalo mama wa Lubumbashi huenda asilipate.

Wimbo mwingine katika albamu hiyo umeitwa Nakuenda. Hili ndilo jambo la kwanza la kumsimamisha mwanaisimu. Msanii hakuandika ninakwenda wala naenda. Ameandika kama mtu asikiavyo mtaani Lubumbashi, ambako ku- ya kitenzi hubaki wazi mbele ya irabu. Neno hili moja, lililowekwa miongoni mwa majina ya Kifaransa, ni neno la mtoto: aina ya neno ambalo mtu aliyeondoka akiwa na umri wa miaka mitatu anaweza kuwa amelihifadhi. Halitaji mahali pa kwendea. Mhakiki mkali atasema kwamba neno moja halitoshi kumfanya mtu mtunzi wa Kiswahili, naye atakuwa na haki. Lakini katika waraka kwa mama, neno moja la lugha ya mama ni kama muhuri: linathibitisha nani anayeandika.

5. Kinshasa Succursale: mji mwingine, lugha nyingine

Msanii alikwenda Congo na kuurudia upya mradi uleule. Kinshasa Succursale, albamu ya mwanzoni mwa miaka ya 2010 iliyosambazwa kimataifa na Crammed Discs ya Brussels, ilirekodiwa Kinshasa pamoja na wanamuziki wa huko, na ilizipa nyimbo kadhaa za Hotel Impala mwili mpya. Badala ya vipande vya santuri vilivyounganishwa kwa mashine, kuna magitaa, kwaya, na likembe zilizotiwa umeme za kundi la Konono Nº1. Kundi hili la Mingiedi Mawangu lilikuwa limekwisha kujulikana duniani kwa kujitengenezea vipaza sauti kutokana na vipuri vya magari. Ushirikiano wao unasikika katika wimbo Karibu ya Bintou, ambao jina lake huanza na neno la Kiswahili la kumkaribisha mgeni.

Neno succursale humaanisha tawi la kampuni au la benki. Jina hili lina kejeli ya makusudi: kama Kinshasa ni tawi, makao makuu yako wapi? Brussels? Au yamo ndani ya mtu mwenyewe? Kejeli hiyo inaligusa swali la zamani la uchumi wa Congo, ambapo maamuzi na faida vilikaa mbali na mahali pa kazi.

Kwa upande wa lugha, albamu hii inaonyesha badiliko muhimu. Nakuenda ya awali inapata mwenzake aitwaye Nazongi Ndako, jina la Kilingala lenye maana ya kurudi nyumbani. Sauti na- imo katika majina yote mawili, lakini asili yake si moja. Katika Kilingala na- ni kiambishi cha nafsi ya kwanza umoja. Katika Kiswahili ni mkato wa ni-na-, nafsi pamoja na wakati. Sikio la mgeni litaona lugha moja. Sikio la mwenyeji litaona mpaka. Msanii aliondoka kwa Kiswahili na kurudi kwa Kilingala, na nyumba anayoirudia haiko katika mji aliozaliwa. Si lazima kulihesabu jambo hilo kuwa kosa. Kinshasa ina studio, wanamuziki na soko, na muziki wa Congo umejulikana duniani kwa Kilingala tangu siku za Kabasele. Lakini athari yake ni kwamba Katanga katika albamu hii inabaki kuwa kumbukumbu, na Kinshasa inakuwa sauti.

Kuna wimbo mmoja unaopinga hali hiyo, nao ndio kilele cha albamu. Baloji alichukua Indépendance Cha Cha ya Joseph Kabasele na African Jazz, iliyotungwa Brussels mwanzoni mwa mwaka 1960 wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara, akaijengea maneno mapya karibu na sikukuu ya miaka 50 ya uhuru. Wimbo wa asili ulitaja kwa furaha majina ya viongozi na vyama vilivyokutana. Utunzi mpya unawauliza warithi wao walifanya nini na urithi. Umepewa majina mawili: Le Jour d'après na Siku ya Baadaye.

Majina hayo hayalingani, na kutolingana kwake kunastahili kuchunguzwa. Le jour d'après ni siku inayofuata tukio fulani, yaani kesho yake: asubuhi baada ya sherehe, chupa zikiwa tupu na wageni wamekwisha kuondoka. Siku ya baadaye, kwa msemaji wa Kiswahili, aghalabu ni siku isiyofika bado. Kifaransa kinaangalia nyuma kwa masikitiko. Kiswahili kinaangalia mbele. Haijulishi kitu kuuliza kama mtunzi alikusudia hivyo. Matini inaposimama mbele ya msomaji wa lugha zote mbili, maana hizo mbili zipo, na wimbo mzima huning'inia baina yake. Hapa Kiswahili si pambo tena. Kinasema jambo ambalo Kifaransa hakikulisema.

6. Madini na anwani

Mwaka 2015 Baloji alitoa kazi fupi iliyoitwa 64 Bits and Malachite. Upande mmoja wa jina ni lugha ya kompyuta. Upande wa pili ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba ambalo kila mtoto wa Katanga analijua. Wasomaji wa Haut-Lomami wana sababu maalumu ya kulisikia jina hili. Katika makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa mwaka 1957 na 1958 ulifunua misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu karne nyingi kabla ya kuja kwa wakoloni. Shaba, basi, ilikuwa fedha, heshima na kumbukumbu kabla ya kuwa shehena. Kuiweka karibu na kompyuta ni kusema kwamba vyombo vya kisasa vya mawasiliano vinatokana na udongo huuhuu, ingawa vinarudi hapa kwa bei ya bidhaa ya kigeni. Mdundo nao unafuata wazo hilo: vinanda vya umeme vinatangulia, na gitaa la Kikongo linapita ndani yake kama uzi.

Mwaka 2018 ilifuata albamu kubwa, 137 Avenue Kaniama. Jina ni anwani ya Lubumbashi inayohusiana na mama yake msanii. Msomaji wa Kamina anapolikuta jina Kaniama hafikirii mtaa wa Lubumbashi. Anafikiria makao makuu ya teritwari jirani, mojawapo ya teritwari tano za Haut-Lomami, kwenye reli inayotoka Lubumbashi kupitia Kamina kuelekea Mwene-Ditu, Kananga na hatimaye Ilebo. Reli hiyo ilikamilika mwaka 1928. Iliwaleta wafanyakazi wa Kasai kwenye migodi ya Katanga, na katika miaka ya 1992 na 1993 njia hiyohiyo iliwarudisha maelfu ya wazawa wa Kasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi. Tangu mwaka 2020 jina la Kaniama linasikika redioni kwa sababu nyingine: vijana wa magenge ya Kinshasa, wale wanaoitwa kuluna, wamekuwa wakipelekwa kwenye vituo vya Huduma ya Taifa vya Kaniama-Kasese. Kwa hiyo jina ambalo Ulaya lilichukuliwa kuwa anwani ya siri ya mtu mmoja, hapa ni jina la kituo cha reli ambamo historia nzima ya kuhama na kuhamishwa imepita. Maana hizo si lazima ziwe zimo katika nia ya mtunzi, lakini ni haki ya msomaji wa hapa kuzileta.

Wimbo ulio moyo wa albamu ni La dernière pluie / Inconnu à cette adresse. Sehemu ya pili ya jina ni maneno ambayo posta huandika juu ya barua iliyokosa mwenyewe: hajulikani katika anwani hii. Utungo ni mrefu kupita kiasi cha redio, nao unasimulia kukutana kwa mama na mwana baada ya miaka yote ile. Mkutano huo hauleti faraja iliyotarajiwa. Mwana amekuja na sanaa, na mama ana mahitaji ya maisha; kila mmoja anamtazama mwenzake kama mgeni mwenye haki juu yake. Watunzi wengi wangemaliza kwa kukumbatiana. Baloji anakataa njia hiyo rahisi, na ukweli huo ndio unaouinua utungo huu juu ya kazi zake nyingine zote za sauti. Hotel Impala ilikuwa barua. Miaka kumi na mmoja baadaye msanii anakiri kwamba barua inaweza kufika na bado isisomwe.

7. Kutoka sauti hadi picha

Pamoja na albamu hiyo Baloji alianza kutengeneza filamu fupi. Kaniama Show (2018) ni kejeli ya televisheni ya taifa inayomsifu mtawala. Zombies (2019), iliyopigwa Kinshasa, inaanzia katika saluni ya nywele, inapita katika ukumbi wa dansi wa wakati ujao, na kuishia katika gwaride la mtawala anayeomba kura, huku simu ikiwa imemtawala kila mtu. Wimbo unaohusiana na filamu hiyo umeitwa Glossine, jina la kisayansi la ndorobo, yule nzi aletaye malale. Sitiari ni kali na inaeleweka bila ufafanuzi: kifaa kinachomwangaza mtu usoni ndicho kinachomlaza usingizi. Mavazi yaliyotengenezwa kwa vitu vilivyotupwa yanakumbusha vinyago vya Kiluba na vya Kipende, ambavyo navyo huhitaji mwili unaocheza ndipo vikamilike.

Mwaka 2023 filamu yake ndefu ya kwanza, Augure, ilionyeshwa Cannes katika sehemu ya Un Certain Regard na kupata Tuzo ya Sauti Mpya. Ubelgiji iliichagua kuiwakilisha katika mashindano ya Oscar. Jina la filamu lina uhusiano wa kushangaza na Kiswahili. Katika Roma ya kale augur alikuwa kuhani aliyesoma mapenzi ya miungu kwa kutazama ndege wakiruka. Mswahili naye husema ndege mbaya au ndege njema anapozungumzia dalili ya lijalo. Lugha mbili zisizokuwa na undugu zimefika mahali pamoja.

Koffi, anayechezwa na Marc Zinga, alifukuzwa na mamaye utotoni kwa sababu ya alama usoni iliyomfanya aitwe zabolo, yaani mwenye chapa ya shetani. Anarudi kutoka Ubelgiji na mchumba wake mjamzito ili kulipa mahari na kupata baraka. Damu ya pua inamdondokea mtoto mchanga, na jamaa wanaona laana. Kufikia hapo mtazamaji anadhani anajua filamu inakokwenda: kijana wa Ulaya dhidi ya ujinga wa kijijini. Lakini hadithi inamwacha Koffi na kuwafuata wengine: Paco, mtoto wa mtaani anayeongoza genge lake, Tshala, dada yake Koffi, anayetaka kuishi apendavyo, na Mama Mujila mwenyewe, mama aliyemfukuza mwanawe, ambaye naye anabeba shutuma ya uchawi. Baba hayupo, amemezwa na mgodi.

Hapa ndipo mabadiliko ya msanii yanapoonekana wazi. Katika Hotel Impala nafsi ya kwanza ilitawala na mama alikuwa msikilizaji asiyejibu. Katika 137 Avenue Kaniama mama alionekana, lakini kwa macho ya mwana. Katika Augure mama amepewa sehemu yake ya hadithi, na mtazamaji analazimika kuuona ulimwengu kutoka mahali alipo. Msanii aliiandikia hata miziki tofauti kulingana na mtazamo wa kila mmoja wa wahusika hao wanne. Na katika filamu hii wahusika wanazungumza lugha zao: Kifaransa, Kilingala na Kiswahili. Lugha iliyokuwa neno moja juu ya jalada la mwaka 2007 sasa inatumika kugombana, kuomba na kulaumu. Kwa maneno mengine, Kiswahili kilirudi katika kazi ya Baloji siku aliyokubali kuwasikiliza wengine wakisema.

8. Tathmini

Ubora wa kazi hii usizuie kuyataja mapungufu yake. Kwanza, katika albamu zote Kiswahili hakikupewa nafasi ya kubeba hoja ndefu. Ughani wenyewe, pale ambapo fikra hujengwa mstari kwa mstari, umeachiwa Kifaransa. Msikilizaji wa Kamina asiyejua Kifaransa hupata mdundo, jina na kiitikio, lakini hapati hoja. Kwa msanii ambaye mada yake kuu ni mawasiliano yaliyokatika, jambo hili ni zaidi ya tatizo la kiufundi. Mama aliyekusudiwa kusoma barua ndiye mwakilishi wa kundi hilohilo la wasikilizaji.

Pili, katika Augure wingi wa mavazi, rangi na sherehe wakati mwingine unailemea hadithi. Sehemu ya Paco inapendeza macho kuliko inavyoeleza maisha ya watoto wanaoshutumiwa uchawi, tatizo ambalo miji ya Congo imelishuhudia kwa uchungu tangu miaka ya 1990. Vilevile Lubumbashi na Kinshasa, ambako filamu ilipigwa, zimeunganishwa kuwa mji mmoja wa kubuni. Uamuzi huo unampa mtunzi uhuru, lakini unamnyima mtazamaji wa Katanga nafasi ya kuona jinsi shutuma za uchawi zinavyohusiana na historia maalumu ya mji wa madini, ambako kuanguka kwa Gécamines katika miaka ya 1990 kuliwaacha akina baba bila mshahara na bila sauti nyumbani.

Pamoja na hayo, kuna mambo matatu yasiyoweza kukanushwa. Baloji amelikataa pendekezo la kuwa rapa wa Ulaya mwenye nakshi za Kiafrika, na amelikataa pia pendekezo la kuwa mwana mpotevu anayerudi na kupokelewa kwa ngoma. Amelichukua jina la uchawi na kulifanya chombo cha kuuliza nani hushutumiwa, na kwa faida ya nani. Tena amekubali sanaa yake ibadilike kila ilipofikia ukuta: kundi lilipombana alitoka, mashine zilipokauka alitafuta wanamuziki, neno liliposhindwa aliingia katika picha.

9. Hitimisho

Imeelezwa kwamba mwendo wa Baloji kutoka Starflam hadi Augure ni mwendo kutoka sauti ya kundi hadi nafsi moja, na kutoka nafsi moja hadi nafsi nyingi. Imeelezwa pia kwamba Kiswahili cha Katanga kinapima mwendo huo: Nakuenda, Siku ya Baadaye, na mazungumzo ya wahusika wa filamu ni vituo vitatu vya njia moja.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vya Congo matokeo ya uchunguzi huu ni ya kivitendo. Mitaala ya fasihi huelekea kufuata riwaya na mashairi ya Tanzania na Kenya, na Kiswahili cha Katanga huletwa darasani kama orodha ya makosa ya kusahihishwa. Kazi zilizojadiliwa hapa zinaonyesha kwamba umbo kama nakuenda lina thamani yake ya kisanaa, na kwamba thamani hiyo hupotea mara tu umbo linaposahihishwa. Kuanzia Mwenda Jean-Bosco, kupitia Mufwankolo, hadi filamu za leo, kuna matini za kutosha za kufundishia. Kinachohitajika ni watu wa kuzinukuu kwa uaminifu, kuziandika kama zinavyotamkwa, na kuzieleza. Kazi hiyo inaweza kuanzia Kamina, ambako mzee aliyewahi kupanda treni ya Kaniama atakuwa na mengi ya kumweleza mwanafunzi juu ya jina la albamu ambayo hajaisikia bado.